Namna ya Kufungua Duka la Pamba Kali Mjini Bila Kusumbuka na Nguo

Dar es Salaam haina njaa ya nguo. Simama asubuhi ya Jumamosi pale Mtaa wa Msimbazi unapokutana na Uhuru ujionee: nguo zinapita kichwani, begani, juu ya mkokoteni, nyuma ya bodaboda, na nyingine zimemwagwa chini kwenye turubai huku kijana akiimba "jero jero, buku buku" mpaka koo limkauke. Ukitaka kuingia kwenye biashara hii kwa kuuza nguo tu, umechelewa. Waliokutangulia ni wengi na wanauza bei chee. Nafasi iliyobaki ni ya kuuza vile vinavyoizunguka nguo: jina, taa, mfuko, picha, na ule wasiwasi wa mteja kwamba asiponunua leo kesho atapitwa. Ufuatao ni mwongozo kamili. Mtaji wa SACCOS, mafao ya mjomba au hela za kikoba cha mama, vyote vinapokelewa.

Hatua ya 1: Tafuta jina ambalo mama yako hawezi kulitamka

Mtu akilielewa jina la duka lako mara ya kwanza, ujue limeshaharibika. "Duka la Nguo la Mama Salma" linamwaga siri zote tatu kwa mpigo: kwamba ni duka, kwamba ni la nguo, na kwamba wa kulaumiwa ni Mama Salma. Mfanyabiashara wa kisasa haachi ushahidi namna hiyo. Chukua jina lako, likate mkia, mbele yake weka neno la Kifaransa na nyuma yake la Kiitaliano, kisha kalisajili BRELA. Ukikuta limeshachukuliwa, ongeza "Classic". Hilo nalo likiwa na mwenyewe, liandike kwa K na umalizie kwa Z.

Wazee hawakuyajua haya. Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara Mombasa mwaka 1887, hakuhangaika na Kifaransa. Wateja walimwita Abdulla, basi ukingoni mwa kanga zake yakachapwa maneno "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Kwa maneno mengine, kanga ikichuja rangi kwenye beseni, mwenye kanga anajua pa kwenda kugomba. Uzembe wa aina yake. Ni kweli kwamba kanga zenye maandishi hayo zinanunuliwa hadi leo, na wapo akina bibi wanaokagua ukingo kwanza kabla ya kufungua fundo la pesa. Wewe usiige. Hao ni watu wa zamani.

Hatua ya 2: Fremu imeze mtaji

Dalali wa Sinza atakuonyesha fremu "inayotazama barabara". Usimuulize ni barabara gani. Utalipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele, utamlipa dalali chake, na anayehama atakudai kilemba, yaani ada ya kumpongeza kwa kushindwa biashara pale pale unapotaka kuianza wewe.

Kilichobaki kitie kwenye mapambo. Dari iwe ya jipsamu yenye ngazi tatu, na kila ngazi iwe na taa zake. Ukuta mmoja ufunikwe kwa majani ya plastiki, na katikati ya majani ziwekwe herufi za taa ya waridi zinazotangaza jambo lisilohusiana na nguo, kwa mfano kwamba maisha ni safari. Ukuta huu ni lazima. Wateja watapiga picha hapo, wataziweka mtandaoni, wataondoka bila kununua, na wewe utabaki kuihudumia LUKU.

Kioo kiwe kirefu na kiegemezwe ukutani kwa kuinamia nyuma kidogo. Kioo kilichoinama humrefusha mtu, na aliyeongezewa urefu bure huona haya kuomba apunguziwe bei. Chumba cha kujaribia kitengwe kwa pazia jepesi lililo fupi kidogo kuliko inavyostahili. Lengo ni mteja asikae humo muda mrefu akaanza kufikiri.

Hatua ya 3: Mdoli ndiye mfanyakazi wa mwezi

Midoli ya Kariakoo ina koo mbili. Ukoo wa kwanza ni mweupe, mwembamba na hauna kichwa. Huo ni wa nguo za ofisini. Wa pili umejaliwa kiuno cha nyigu na makalio ambayo fundi aliyeyamwaga hakujua pa kuishia. Huo husimamishwa barazani ukiwa umevaa taitsi, kazi yake ni kusimamisha magari.

Gauni likigoma kumkaa mdoli, libane kwa nyuma kwa pini na vibanio. Hakuna mteja anayezunguka nyuma ya mdoli. Na nguo usiyoijua saizi yake iandike "fri saizi". Fri saizi ni uvumbuzi mkubwa: vazi lisilomkaa mtu yeyote sawasawa, na likimkataa mnunuzi, kosa linahamia kwenye mwili wake. Akirudi kulalamika mwambie litakaa akishalipiga pasi.

Hatua ya 4: Mzigo wa Uturuki

Sasa, kwa shingo upande, tuzitaje nguo zenyewe.

Nenda Karume, Ilala, kabla hakujapambazuka. Soko hili liliungua Januari 2022, wafanyabiashara wakarudi, na alfajiri yake bado ndilo jukwaa kubwa la mitindo mjini. Mbunifu Mustafa Hassanali alianzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008, yenye mialiko na viti vya mbele. Karume nayo ina watu wake wa mbele: akina dada wenye maduka Sinza, Kinondoni na Mwenge, wamejifunga kanga juu ya jinzi, tochi ya simu mkononi, wanasubiri robota lifunguliwe.

Robota linauzwa likiwa limefungwa. Ni kilo 45 hivi za nguo zilizogandamizwa kwa mashine, na aliyelinunua hajui zaidi yako ndani mna nini. Kisu kinakata mikanda, plastiki inapasuka, harufu ile ya dawa inapanda, na mlima unaanza kuvimba wenyewe kana kwamba ulikuwa umebana pumzi tangu bandarini. Hapo hakuna salamu. Mkono mmoja unavuta, mwingine unakunja kwapani, macho yanatafuta la tatu. Kilichochaguliwa mwanzo kina bei yake. Kitakachobaki saa nne kitaimbiwa "buku".

Chukulia umepata shati, kola haijalegea, vifungo vyote vipo, kifuani limedariziwa jina la fundi gari wa Marekani aliyelivaa kazini. Elfu nne. Lipeleke kwa fundi cherehani wa jirani. Atafumua darizi kwa ncha ya wembe, uzi mmoja mmoja, atang'oa lebo ya shingoni bila kuacha tundu, kisha atapitisha pasi ya mvuke mpaka alama za sindano zifumbe. Dakika kumi za kazi hiyo ndizo zitakazozaa faida yote, kwa hiyo mlipe fundi elfu moja na umwambie unamtangaza. Shati likitundikwa kwenye hanga ya mbao chini ya taa ya manjano, ni elfu thelathini na tano.

T-sheti za mbio za hisani za mji usioujua huko Marekani usizitupe. Hizo ziite toleo maalumu. Hakuna mwingine mtaani atakayekuwa nayo, na hilo angalau ni kweli.

Neno "mtumba" lisitamkwe dukani. Mzigo wako umetoka Uturuki. Wakiuliza Uturuki sehemu gani, sema "kule kule wanakochukulia watu wote". Wala dhamiri isikusumbue, maana mzigo huu una historia ya kidiplomasia. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni kufikia 2019. Wasafirishaji wa mitumba wa Marekani wakashtaki kwa serikali yao, serikali ikatishia kuondoa unafuu wa AGOA, ule wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, na Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda iliyoshikilia ushuru wake wa mitumba ikasimamishiwa unafuu huo kwa upande wa nguo mwezi Julai 2018. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China, kipo pale Ubungo kando ya Barabara ya Morogoro, na mabasi ya mwendokasi yanapita mbele yake yamejaa abiria waliovaa Ohio.

Hatua ya 5: Lebo, mfuko, na mipaka ya ujanja

Chapisha lebo zako. Nembo iwe herufi mbili zilizokumbatiana, rangi nyeusi na dhahabu. Ukiona duka la pili nalo lina herufi mbili zilizokumbatiana kwa nyeusi na dhahabu, ujue mmesoma mwongozo mmoja. Fundi yule yule aliyeng'oa lebo ya mwanzo ndiye atakayeshona yako. Usimuulize anaonaje.

Kisha mfuko. Kabla ya tarehe 1 Juni 2019 muuza nguo na muuza dagaa walitumia rambo ile ile. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza, kila duka likapata sababu halali ya kuwa na mfuko wake wenye jina ubavuni. Wekeza hapa kwa moyo wote. Nguo yako itaonekana harusini mara moja, mfuko utaonekana sokoni, hospitali na kwenye mwendokasi kwa miaka miwili, umebeba nyanya. Kuna wateja watakaokuja kununua soksi ili waupate. Wauzie.

Mpaka uujue mmoja tu. Kubandika lebo yako kwenye shati la mtu asiyejulikana ni ubunifu, ila kubandika nembo ya kampuni inayojulikana ni kesi. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, na Tume ya Ushindani hupita Kariakoo ikichukua bidhaa bandia. Klabu za mpira ndizo zinazojua uchungu huu. Julai 2023 Simba walipandisha jezi yao mpya mpaka kilele cha Kilimanjaro kwenda kuizindua, ili dunia nzima ijue ipi ni halisi. Jezi feki hazina haja ya kupanda mlima. Zenyewe husubiri bondeni.

Hatua ya 6: Bei iwe siri ya chumbani

Kwenye ukurasa wako wa Instagram andika kila kitu isipokuwa bei. Andika rangi, saizi, "mzigo mpya umeingia", "delivari ipo, mikoani tunatuma". Mteja akiuliza bei hadharani, mvutie faragha:

"Dada habari, hilo gauni la kijani bei gani?"

"Karibu kipenzi, njoo inboksi."

"Nimekuja."

"Karibu mpenzi, nikusaidie nini?"

"Bei ya gauni la kijani."

"Lipi kipenzi?"

"Ulilopost leo."

"Nitumie picha yake mpenzi."

Anapohangaika kukutumia picha ya gauni lako mwenyewe, wewe fungua ukurasa wake umsome. Amepigwa picha akiegemea gari? Ongeza elfu ishirini. Gari lina namba za serikali? Ongeza kumi, maana huyo atadai risiti. Yupo ufukweni Nungwi na miwani ya jua? Elfu thelathini na umsifie miwani. Picha zake zote ni za maua na aya za dini? Huyo atakuombea dua badala ya kulipa. Mpe bei ya kawaida.

"65 mpenzi."

"Mwisho?"

"Bei haipungui kipenzi, mzigo wa Uturuki huo. Kwani una ngapi?"

Sentensi hiyo ya mwisho ichongwe juu ya mlango. Ndani yake mna elimu yote ya masoko: msimamo, asili ya bidhaa, na mlango wa nyuma.

Hatua ya 7: Winga

Usipomwajiri winga, atajiajiri. Winga hana fremu, hana midoli, hana ukuta wa majani. Ana simu na miguu. Anapita dukani kwako asubuhi, anapiga picha gauni la kijani, analiweka kwenye ukurasa wake, anampata mteja wa themanini, anakuja kulichukua kwako kwa sitini na tano, na cha juu kinaingia mfukoni kwake kabla hujamaliza kukunja risiti. Wateja wengine atawakamata mtaani kwa mikono: "Dada mkubwa! Gauni? Viatu? Njoo huku bosi wangu, kuangalia bure." Atawapitisha mbele ya maduka manne, lako likiwemo, na kila duka atasema ni lake.

Utachukia. Utatamani kumfukuza. Kaa kwanza upige hesabu: winga ameuza bila jipsamu, bila kilemba na bila Kifaransa. Hesabu hiyo ikianza kukukosesha usingizi, rudi Hatua ya 2 uongeze taa.

Hatua ya 8: Punguzo la sikukuu

Wiki mbili kabla ya Idi au Krismasi pandisha bei kutoka 40,000 hadi 70,000. Wiki moja kabla, ikate kwa kalamu nyekundu na uandike 45,000 pembeni. Mteja atafurahi kuokoa 25,000 na wewe utafurahi kuongeza 5,000, na furaha ya pande mbili ndiyo biashara.

Kuhusu malalamiko, bandika tangazo: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Maduka ya zamani yaliandika "Leo taslimu, kesho mkopo" na mteja akacheka akalipa. Lako lisichekeshe.

Hatua ya 9: Omba upigwe marufuku

Hakuna tangazo linaloizidi kauli ya mkubwa anayekemea mavazi ya vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969, vimini, wigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua visionekane mjini. Wanawake walisumbuliwa na kushambuliwa barabarani kwa sababu ya sketi zao, na hilo halina kejeli. Lakini pita leo mtaa wowote wa Kariakoo uhesabu vilivyoning'inizwa: wigi zipo, suruali za kubana zipo, vimini vipo, krimu zipo mtaa wa pili. Orodha ile ya marufuku imegeuka orodha ya bidhaa. Kwa hiyo akitokea mtu wa kuyakemea mavazi unayouza, mwombe alitaje na duka lako kwa jina na mtaa.

Hatua ya 10: Mteja wa kuogopwa

Mwongozo huu una ugonjwa mmoja usio na dawa. Ni mwanamke wa makamo, mara nyingi kaja na binti anayetafutiwa nguo ya sendofu. Anaingia, haangalii ukuta wa majani. Mdoli anampita kama anavyompita askari wa benki. Anachukua gauni, na jambo la kwanza analigeuza nje ndani. Anafuata mshono kwa kidole gumba. Anaangalia kama limepigwa ovaloki au nyuzi zinaning'inia. Zipu anaipandisha na kuishusha mara tatu. Pindo analipima kwa vidole viwili aone kama kuna kitambaa cha kuongezea, maana binti bado anakua. Kisha anainusa nguo, anaitazama lebo yako ya nyeusi na dhahabu, anakutazama wewe, na kwa upole wote anauliza:

"Hii Karume umeichukua lini, mwanangu?"

Usimwone mshamba. Huyu ana ukoo mrefu kuliko wa chapa yoyote. Karne ya 19, wafanyabiashara wa Ulaya, Marekani na India walioleta nguo Zanzibar walijifunza kwa hasara kwamba soko la pwani na bara halilazimishwi. Rangi ikikosewa kidogo, mistari ikiwa mipana kuliko msimu ule, au mtindo ukibadilika huko ndani wakati meli bado ipo baharini, majora yalidoda ghalani na barua za kulalamika zikaandikwa. Viwanda vya mbali ikabidi vichore kufuata macho ya wanunuzi wa huku. Sisi tunasema tunaunda ladha ya mteja. Tangu zamani, mwenye ladha ni yeye, na anajua fundi wake anakaa wapi. Ukimwuzia gauni bovu, atalipeleka likafumuliwe, likatwe, libanwe, liongezwe kola ya kitenge, na siku ya sendofu watu wakimsifia atamtaja fundi. Jina lako la Kifaransa atalisahau, na hata akilikumbuka hawezi kulitamka.

Basi akiingia, fanya haya kwa haraka. Zima zile herufi za waridi, zinakula umeme bure. Mwambie nguo imetoka Karume na umeitoa kwenye robota kwa mkono wako. Mwonyeshe mshono mwenyewe kabla hajautafuta. Mtajie bei moja, ya kwanza na ya mwisho, kwa sauti, hata kama dukani kuna wengine wanaosikia. Atadai umpunguzie elfu mbili, si kwa sababu hana, ni kwa sababu ndivyo watu wanavyofahamiana. Mpunguzie. Mwombe namba ya fundi wake, na ukimpata huyo fundi mlipe zaidi ya elfu moja.

Mwezi unaofuata atamleta dada yake, kisha shoga yake, kisha kamati nzima ya harusi inayotafuta sare. Wote watauliza wapi duka la nguo la yule kijana msema kweli, kwa jina lako la nyumbani, na utakuwa umerudi kule kule kwa Mama Salma. Kibao cha Kifaransa kiuze. Mtu wa kukinunua hakosekani Sinza.